Pikipiki Iliyoota Majani ya Katoni

Vijana wa kanisa letu, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi yangu, na kwa kuwa wengi wenu mnaendesha bodaboda au mnazitengeneza, nimekubali. Sitaandika kwa kufuata miaka. Kichwa changu siku hizi ni kama sanduku la spana: ile unayoitafuta iko chini ya nyingine zote, na ukiifikia umeshasahau nati uliyokuwa unafungua. Mnivumilie.

Nianze na plagi, maana Mzee Muinde alianza nami hapo.

Nilifika kwake Kariobangi, Nairobi, nikiwa kijana kutoka magharibi, nina shati moja la Jumapili na barua ya mchungaji wa kijijini. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, mabati matatu na paa, katikati ya fundi wa kuchomelea vitanda na mtu aliyeuza injini kuukuu. Hakuisoma ile barua. Alifungua plagi ya pikipiki iliyokuwa mbele yake, akaifuta shingo, akanipa.

"Unaona rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi ya nini?"

"Nyeusi tu, Mzee."

"Kuna nyeusi ya masizi makavu na kuna nyeusi ya oili mbichi. Nenda pale kwenye jua uangalie tena."

Nikaenda kwenye jua. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeusi yenye unyevu, pete za pistoni zimeisha au mtu amechanganya oili kwa kukisia. Nyeupe kama jivu, injini ina homa na hutafika mbali. Rangi tunayoitaka ni ile ya chai iliyotiwa maziwa na mama asiye mchoyo. Pikipiki zenu za leo hazichanganywi oili na petroli kama zetu, lakini fungueni plagi vivyo hivyo. Injini haijui kusema uongo. Mafundi ndio wanaojua, na nitafika huko.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa plagi hiyo hiyo. Niliikaza kwa spana ndefu, kwa nguvu zangu zote, nikidhani kukaza ndiko kutengeneza. Kichwa cha injini ni alumini, nacho ni laini. Uzi wote wa ndani, ile mikato inayoshika plagi, ukang'oka. Mwenye pikipiki alikuwa tarishi wa ofisi moja ya mjini, amesimama hapo na mkoba wa barua begani. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Muinde aliinama, akaangalia, akamwambia yule tarishi, "Huyu kijana wangu ni mtu wa kanisa. Ameifunga kwa imani." Tarishi akacheka, na mimi nikapona. Lakini siku mbili zilizofuata nilikaa juu ya debe nikifunga na kufungua plagi kwa vidole vitupu, macho nimeyafumba, mpaka mkono ukajua mahali uzi unapoanza na mahali unapotosheka. Mpaka leo nikimwona mtu anaanza kufunga plagi kwa spana, humnyang'anya.

Sasa niwaeleze kuhusu kuazima, maana bila hilo hamtaelewa mengine.

Leo mkitaka koili, ile inayoipa plagi cheche, mnavuka barabara tu. Miaka ile ya tisini pikipiki mjini zilikuwa chache. Walikuwa nazo matarishi, wapima ardhi, mabwana mifugo, masista na wachungaji. Spea zilikuwa chache vilevile. Duka la mjini lingekuambia kifaa kiko njiani kutoka Mombasa, na wewe na mteja mngekaa kungoja kama watu wanaongoja mvua. Kwa hiyo kila karakana ilikuwa na mtindo wa kuvua pikipiki moja ili kuvisha nyingine. Pikipiki ya mtu asiye na haraka ingetolewa kifaa, kikapewa ya mwenye haraka, halafu kifaa kipya kikifika kinarudishwa mahali pake.

Mzee Muinde alikuwa na sheria moja kwa jambo hili. Ukitoa kifaa, unakata kipande cha katoni, unaandika juu yake kifaa ulichotoa, unakifunga kwa waya mahali pale kifaa kilipotoka. Na jina unaloandika ni lako wewe fundi uliyefungua, si la yule aliyepelekewa. Nilipokuwa mgeni niliona sheria hiyo imekaa kichwa chini. Nilidhani afadhali kuandika jina la aliyechukua, ili tujue pa kumtafuta. Kwa hiyo nilipofungua mimi, niliandika la mchukuaji. Mzee aliniona, akanirekebisha mara mbili, kisha akaniacha.

Ukutani palikuwa na kalenda. Ilitoka kwenye duka la spea, na picha yake ya mwisho, ya Novemba na Desemba, ilikuwa ya nchi za baridi: pikipiki mpya imesimama kwenye kona ya barabara ya mlimani, na miti yote pande mbili imegeuka rangi, mingine myekundu, mingine ya manjano, na majani mengine yamelala barabarani. Mwaka ulipoisha kalenda mpya iliwekwa juu yake. Asubuhi iliyofuata nikakuta ile mpya iko chini na ile ya zamani iko juu.

Kulikuwa na tarishi mmoja, kijana wa mtaani, jina lake Otieno, mwepesi wa mdomo. Alisimama mbele ya kalenda akashika kiuno.

"Buda, hii kalenda si iliisha kitambo? Utakosa siku ya kuzikwa."

"Nasoma picha," Mzee akasema. "Tarehe soma wewe mwenye haraka."

"Na hizi miti zimechomeka ama?"

"Zimeiva."

"Miti zinaiva? Zii, buda. Matunda ndio inaiva."

Otieno akaondoka akicheka, na Mzee akaendelea kupiga msasa breki. Kisha, bila kuinua macho, akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia katika miaka yote niliyokaa naye. Alisema kwamba nyumbani kwao Kitui, nyuma ya milima, alipokuwa mtoto anachunga mbuzi, miti ilifanya hivyo hivyo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwisho wa Julai, mlima mzima uligeuka: mti huu rangi ya manjano ya mchuzi, ule rangi ya tofali, mwingine rangi ya maini. Ilidumu wiki tatu hivi. Halafu ukaja upepo mmoja wa mwisho wa Agosti na majani yote yakapukutika. Aliutaja mti wenyewe kwa Kikamba, na nasikitika kwamba sikuandika jina lile.

"Mara ya mwisho nimeona, sikuwa na ndevu," alisema.

"Lakini Mzee, si unaenda nyumbani kila mwaka?"

"Naenda lini?"

"Krismasi."

"Na Krismasi mvua imeshanyesha. Krismasi mlima ni kijani kama kabichi. Wafula, nimekaa Nairobi miaka arobaini, na nyumbani kwetu naijua Desemba peke yake."

Nilijaribu kukumbuka kwetu kunafananaje mwezi wa Agosti, nikaikumbuka Desemba tu. Sisi sote wa mitaa ya Eastlands tulikuwa hivyo. Tulifunga kazi Desemba, tukaenda nyumbani na sukari na unga wa ngano, tukala, tukaimba, tukarudi. Tulikuwa na nyumbani kwa majuma mawili, na kila mara majuma yale yale.

Hapo ndipo safari ilipoanza kupangwa.

Mzee alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, aliyoachiwa kwa shukrani na mpima ardhi mmoja aliyehama nchi. Ilikuwa imekaa nyuma ya mabati chini ya gunia. Lakini hakuweza kuiendesha mbali. Miaka mingi nyuma pikipiki ya mteja ilimwangukia nyonga, na tangu hapo hata kupiga kiki ilimpasa ashike ukuta. Mimi ningeendesha, yeye angekaa nyuma. Mtauliza, kwa nini asipande basi? Mkewe, Mama Mbithe, aliuliza hivyo hivyo, tukiwa nyumbani kwao mtaa wa Mowlem. Alijibu kwamba basi linapita barabara ya chini na mlima uko juu. Kisha akaongeza jambo jingine, ambalo nadhani ndilo lililokuwa kweli zaidi.

"Mama Mbithe, maisha yangu yote nimejaribu pikipiki za watu. Natoka karakana mpaka kwenye mzunguko wa barabara, narudi. Natoka, narudi. Nataka siku moja nifike kwenye mzunguko nisirudi."

"Usirudi uende wapi, na mguu huo?" Mama Mbithe akasema. "Mzee mzima anakwenda kutazama majani makavu! Hapa Mowlem nayafagia kila asubuhi. Toka nje uyatazame bure."

Lakini alitushonea mto wa kukalia kutoka kwenye godoro kuukuu, na kitambaa chake kilikuwa kizuri kuliko cha viti vyao vya sebuleni.

Ninyi mnaopenda safari, nitawaambia tulivyopanga, maana mpango ulikuwa mzuri, na sitaki uharibike pamoja na mengine. Tulichora njia juu ya ubavu wa katoni: Barabara ya Kangundo, Machakos, kisha Kitui mjini, kisha njia ya udongo ya kupanda mlimani. Tuliweka alama mahali petroli inapouzwa, na mahali inaposemekana inauzwa, kwa kalamu mbili tofauti. Oili tulikuwa tuipime nyumbani, tuibebe katika chupa ndogo, chupa moja kwa tangi moja, kwa sababu mtu aliyechoka barabarani hukisia. Tyubu mbili, plagi mbili, kiungo cha cheni, waya wa klachi uliotiwa grisi tayari. Machakos tungekunywa chai bila kula, maana dereva aliyeshiba husinzia. Kila baada ya mwendo wa saa moja tungesimama Mzee anyooshe nyonga, hata kama hataki. Siku ya kutoka ilikuwa Jumatatu alfajiri, juma la kwanza la Agosti. Alitaka Jumapili, na mimi nikakataa kusafiri siku ya ibada, naye akasema, "Sawa, majani si ya Jumapili peke yake."

Mwaka wa kwanza pikipiki ilikuwa tayari mwisho wa Julai. Niliijaribu mimi mwenyewe mpaka kwenye mzunguko. Plagi yake ilikuwa rangi ya chai kamili.

Ijumaa, siku tatu kabla ya kutoka, akaja Sista wa zahanati moja ya upande wa Dandora, anasukuma pikipiki yake kwa mkono, vumbi mpaka magotini. Kabureta yake ilikuwa imepasuka mwili. Alibeba dawa za wagonjwa waliolala majumbani mwao. Mzee hakuwapo, alikuwa ameenda kukandwa mguu. Nilimtazama Sista, nikaitazama pikipiki chini ya gunia. Kabureta ilikuwa ya aina moja. Sikufikiri hata dakika tano. Niliifungua nikiwa na furaha moyoni, ile furaha ya mtu anayetenda jema na anajua kwamba anatenda jema. Nikaandika kwenye katoni: *Kabureta — Sista.*

Mzee aliporudi alikisoma kile kipande kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

"Wagonjwa ni wagonjwa," alisema. "Umefanya vyema."

"Itarudi wiki ijayo, Mzee."

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Mbona kibao kinasema Sista? Sista hajui spana."

Nilicheka. Nilidhani anatania. Kabureta ilirudi Oktoba, mvua zimeanza.

Mwaka wa pili nilikuwa nimefanywa mzee wa kanisa, na nilijivunia jambo hilo zaidi ya ilivyofaa. Mchungaji wetu alikuwa na mikutano ya injili kuelekea Athi River, na gurudumu lake la nyuma lilikunjika kwenye shimo. Nadhani mnajua nitakachosema. Safari hii Mzee alikuwapo. Nilimwuliza, lakini nilimwuliza mbele ya Mchungaji, na hiyo si kuuliza. Angejibu nini? Alisema, "Chukueni." Na kwa kuwa pikipiki ilikuwa imesimama bila gurudumu, tena haiendi popote, ikawa rahisi kutoa na vingine: waya wa klachi kwa bwana mifugo, taa kwa mwalimu fulani, kioo, kanyagio. Kila kimoja nilikifungia kipande chake cha katoni, na kila kipande kilikuwa na jina la mtu mwema mwenye shida ya kweli. Sikupata faida yoyote. Niliomba usiku nikishukuru kwamba Mungu ameniweka mahali pa kusaidia watu.

Siku moja mwezi wa Agosti upepo uliingia kwenye karakana na vile vipande vikaanza kutikisika juu ya pikipiki, vikigongana. Katoni ya kahawia, tena nyingine imeshalowa na kukauka ikawa nyekundunyekundu kwa kutu ya waya. Mzee alikuwa amekaa na kikombe chake cha uji.

"Wafula," akasema, "huna haja ya kunipeleka Kitui. Pikipiki imeota majani, na naona yameshaanza kugeuka."

Mafundi wa jirani walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Yeye alicheka kidogo, akamaliza uji.

Vijana, nimefikiri juu ya kicheko kile kwa miaka mingi. Kanisani nilifundishwa subira, nami niliipenda kwa sababu ilinijia kwa urahisi. Kila kifaa kilipochelewa nilisema, mwaka ujao, Bwana akipenda. Lakini mwenye kungoja alikuwa Mzee. Mimi nilikuwa na miaka mbele yangu na nilitumia yake. Na ukarimu wangu pia, niliokuwa nikishukuru kwa ajili yake, ulikuwa ukarimu wa mali ya mtu mwingine. Sikutoa chochote changu. Jioni nilirudi nyumbani na spana zangu zote.

Mwaka wa tatu niliapa. Vifaa vyote vilirudi, nilivifuata kimoja kimoja, hata kioo. Lakini tangu Pasaka Mzee alikuwa hapumui vizuri. Miguu ilimvimba. Alikuja karakana siku mbili kwa juma, kisha siku moja, akikaa kwenye debe na kusikiliza injini zilizopita barabarani, akitaja ugonjwa wa kila moja.

Mwezi Julai akaja Otieno, na safari hii hakuwa na utani.

"Fundi, niokolee. Koili imekufa. Bosi amesema nikikosa kazi kesho nisirudi tena. Na bibi yangu amezaa juzi tu."

"Mpya itafika lini?"

"Wiki mbili wamesema. Wiki mbili tu, fundi. Haki."

Nilihesabu. Wiki mbili zingetufikisha mwisho wa Julai. Bado tungewahi. Nikaifungua koili, nikaandika: *Koili — Otieno.* Wiki mbili zikawa tatu. Na katika wiki ya tatu Mzee Muinde akalala kitandani kwake Mowlem, hakuamka tena kuja kazini.

Nilikwenda kumwona Alhamisi, saa za mchana. Alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mmoja ukiwa ule wa safari. Dirisha lilikuwa wazi. Tuliomba pamoja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Koili imerudi?"

Nikasema, "Imerudi, Mzee."

Sijui kwa nini. Au najua. Nilitaka alale vizuri, na nilitaka mimi nilale vizuri. Nilikuwa mzee wa kanisa, nimetoka kusema amina dakika ile ile.

Uso wake ulifunguka. "Basi kesho ilete hapa nje uiwashe. Siendi popote, najijua. Nataka kuisikia tu."

Siku ile nilimtafuta Otieno mpaka miguu ikauma. Ofisini kwao wakasema ametumwa Nakuru na stakabadhi, atarudi Jumamosi. Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya ile pikipiki yenye kipande kimoja tu cha katoni, nikaona aibu kubwa. Palikuwa na pikipiki ya mteja, ya aina na rangi ile ile ya Mzee, imeletwa kwa kazi ya breki. Nikaipanda. Nikaipeleka Mowlem. Nikaisimamisha chini ya dirisha, nikapiga kiki, ikawaka. Nikaiongeza moto kidogo, nikaipunguza, kama tunavyofanya kumwonyesha mteja.

Mama Mbithe alitoka mlangoni akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. "Anasema uzime uingie."

Niliingia. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Hiyo si yangu," alisema.

Nilisogea karibu na kitanda.

"Hiyo pete zake zimeisha. Umeisikia inavyokohoa ukiipunguza? Mwambie mwenyewe asingoje mpaka ikwame." Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Ni ya nani?"

"Ya mteja mmoja wa Umoja, Mzee. Mzee, nisamehe. Koili iko kwa Otieno. Nilikudanganya."

"Mtoto wa Otieno ni mvulana au msichana?"

"Msichana."

"Vizuri." Akafungua macho akanitazama, wala hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Wewe ni mtu mzuri, Wafula. Watu wote wa Kariobangi wanakusifu. Sasa rudisha pikipiki ya mwenyewe kabla hajaitafuta."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia juu ya kazi. Alifariki Jumapili, tukiwa ibadani. Otieno alikuwa amerudisha koili Jumamosi jioni, amekuja mbio, ameifunga kwa karatasi safi.

Tulimpeleka Kitui katikati ya Agosti kwa lori lililotafutwa na mafundi wa kuchomelea. Jeneza lilikuwa katikati, akina mama upande mmoja wanaimba, sisi upande mwingine, na turubai juu kwa ajili ya vumbi. Tulipita ile njia ya kwenye katoni: Kangundo, Machakos. Machakos tulikunywa chai, hatukula. Baada ya Kitui mjini dereva alisimama akauliza kama apite barabara ya chini, ambayo ni nzuri, au ya juu. Watu wote walikuwa wamechoka. Nikasema ya juu, na hakuna aliyebisha, labda kwa sababu ya uso wangu.

Lori lilipanda taratibu. Chini ya turubai hatukuona chochote ila mwanga ulioingia pembeni, na mwanga wenyewe ukaanza kubadilika. Mama Mbithe alikuwa amekaa karibu na ubavu wa lori. Alifunua pembe ya turubai, akatazama nje, akaacha kuimba. Yeye ni wa Mwala, upande wa Machakos, na huku kwa wakwe alikuwa amefika Desemba tu, kama mumewe.

"Wafula," akaniita, "ndiyo haya?"

Nikasogea, nikatazama. Mlima mzima ulikuwa umegeuka. Sitawaelezea. Mzee alishawaeleza vizuri kuliko ninavyoweza: manjano ya mchuzi, tofali, maini. Picha ya kalenda ilikuwa kitu kidogo.

"Ndiyo haya, Mama."

Aligonga ubavu wa lori kwa kiganja mpaka dereva akasimama. "Toeni turubai," akasema. Mtu mmoja akasema vumbi litatuua. "Toeni. Nilimwambia ayatazame Mowlem bure. Toeni."

Tukatoa. Tukaikunja, tukaenda hivyo, wazi, mpaka nyumbani kwao, na tulipofika tulikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na juu ya jeneza kulikuwa na majani machache yaliyodondoka. Hakuna aliyeyaondoa.

Niliporudi Kariobangi nilifunga koili mahali pake. Mama Mbithe alinipa pikipiki, nikakataa, akanilazimisha. Siku ile nilikata kipande kipya cha katoni, na kwa mara ya kwanza nikaandika kama nilivyofundishwa, kifaa na jina la fundi aliyekitoa. Niliandika: *Safari — Wafula.* Nikakifunga kwa waya kwenye usukani.

Kiko hapo mpaka leo. Wino umefifia, nimeupitia kwa kalamu mara kadhaa. Mkija kunisalimu nyuma ya nyumba mtaikuta pikipiki chini ya gunia lake, na najua vijana mlivyo, mtauliza kama inawaka. Inawaka, kwa kiki ya kwanza.